Farasi wa Bure na Namna ya Kumlipia

Ukitaka kufuga farasi Nairobi, usianze kwa kutafuta pesa. Anza kwa kutafuta rafiki mwenye farasi asiyemtaka tena. Rafiki huyo awe anakupenda kiasi cha kukukumbuka, na asikupende kiasi cha kukuonea huruma. Mimi nilikuwa naye. Alinipigia simu Jumapili moja jioni akaniambia ana farasi maksai wa miaka 8, amestaafu mbio, mpole kama shemeji aliyekuja kuomba mkopo, na kwamba ananipa bure, nitafute lori tu.

Sikuuliza kwa nini bure. Nilikuwa nimeshajiona juu ya tandiko, asubuhi yenye ukungu, milima ya Ngong nyuma yangu, majirani wakichungulia juu ya ua wa michongoma. Wewe unayesoma mwongozo huu bado una nafasi ya kuuliza, kwa hivyo nikujibu mapema. Uwanja wa mbio wa Ngong umekuwepo pale tangu 1954, na farasi wa mbio huanza kazi akiwa na miaka 2 au 3. Akifika 7 au 8, mara nyingi miguu imeshatoa yote iliyokuwa nayo. Lakini farasi anayetunzwa vizuri huishi miaka 25 hadi 30. Kazi miaka 5, pensheni miaka 20: hata mbunge hajapata mkataba kama huo. Kwa hivyo wastaafu hawaishi, na wenyewe huwatafutia makao kwa tabasamu pana. Farasi wa namna hii huwa rahisi kwa sababu moja: anayekupa anajua atakachokula mwezi ujao.

Haya, umeshapewa. Mpe jina. Wangu alikuja na jina refu la Kizungu la mashindanoni ambalo hakuna aliyeliweza nyumbani, tukamwita Hazina. Ukipenda kuokoa muda, mwite Hasara tangu mwanzo, maana ndipo sisi tulipoishia.

Kisha mkaribishe jirani aje amwone. Ni muhimu upate maoni ya mtu anayejua mifugo. Jirani yangu wa Kiserian ni mzee wa Kimaasai aliyefuga ng'ombe kabla mimi sijazaliwa. Alimzunguka Hazina mara mbili, mikono nyuma, fimbo imelala kwapani.

“Kijana, huyu mnamkamua?”

“Hapana, mzee.”

“Mtamchinja?”

“Hapana.”

“Basi atawabebea maji kama punda.”

“Mzee, huyu ndiye atakayebebewa maji.”

Mzee alinyamaza kitambo, akaangalia upande wa milima. “Sawa,” akasema. “Kila mtu na mtoto wake.”

Sasa nunua daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ukiwa na daftari mali itapotea vilevile, ila habari utakuwa nazo.

Ukurasa wa kwanza uandike maji, kwa heshima ya yule mzee. Farasi mzima hunywa lita 25 hadi 50 kwa siku, kutegemea joto na kazi. Ukiishi kwenye mfereji usiokatika, ruka aya hii na umshukuru Mungu. Sisi tunaoletewa na bausa huhesabu kwa mtungi: miwili kwa siku ya kawaida, na mtungi wa lita 20 ni shilingi 20. Ongeza ya kumwosha Jumamosi, ya kuosha ndoo zake, na ya ile ndoo anayoisukuma kwa pua ianguke kwa sababu ameichoka. Andika 1,800 kwa mwezi.

Chakula ndicho kitakachokufundisha hesabu ambazo mwalimu wako alishindwa kukufundisha kwa kiboko. Farasi anahitaji kila siku lishe kavu yenye uzito wa karibu asilimia 2 ya mwili wake. Wangu ana kilo 450, kwa hivyo kilo 9, kila siku, Jamhuri na Krismasi zikiwemo. Usijidanganye na shamba. Mimi nilijua nina nusu ekari ya nyasi, niliyoinunua kwa mkopo wa sako, na nikadhani nimemaliza. Wajuzi husema farasi mmoja anataka ekari nzima au mbili za malisho ndipo zijimudu. Nusu ekari yangu alimaliza kwa wiki tatu, kisha akaanza kula ua. Michongoma aliiacha. Bougainvillea ya mama watoto hakuiacha.

Kwa hivyo utanunua nyasi kavu. Robota moja huwa na kilo 12 hadi 15, na kwa kuwa atakanyaga mengine na kukojolea mengine, weka 24 kwa mwezi. Kwa shilingi 300 robota, hiyo ni 7,200. Halafu utaambiwa kwamba nyasi hazimtoshi mnyama aliyezoea kukimbia, anataka shayiri, pumba na lusani kidogo, na jiwe la chumvi la kulamba. Hapo weka 5,400. Ukiona unatetemeka, pumua. Bado hatujamwajiri mtu.

Nikiwa bado na akili ya kulinganisha mambo, nilifanya kosa la kuangalia pikipiki. Wapo vijana wa boda pale stendi wenye pikipiki za cc 150. Injini ile ina nguvu za farasi 12 hivi. Kipimo chenyewe kilianzishwa na James Watt, yule Mskoti wa injini za mvuke, alipotaka kuwauzia watu mashine kwa kuilinganisha na farasi waliokuwa nao. Alikuwa mfanyabiashara mwerevu. Alijua mtu anayelisha farasi husikiliza kila neno la mtu anayeuza kitu kingine. Basi kijana wa boda ana farasi 12 katikati ya magoti yake. Ikifika jioni anazungusha ufunguo na wote 12 wanaacha kula. Wangu ni mmoja, na hana swichi.

Sasa tufike kwenye sura ya kubana matumizi, ambayo ndiyo ghali kuliko zote.

Mwezi wangu wa tatu ulikuta kiangazi kimepandisha robota hadi shilingi 400. Akatokea kijana mmoja na pikapu, marobota 20 kwa shilingi 220. Yalikuwa na harufu kidogo, na ukiyafumua yalitoa vumbi la kijivu, lakini nikajiambia nyasi ni nyasi. Saisi aliyatazama akasema, “Bosi, haya yalinyeshewa.” Nikamwambia ayaanike. Nikaandika kwenye daftari, kwa wino mwekundu, kwamba nimeokoa shilingi 3,600.

Hapa inabidi nikueleze tumbo la farasi, maana hakuna kiungo kitakachokugharimu kama hicho. Mnyama mkubwa vile ana tumbo dogo la lita 8 hadi 15 hivi, linalotaka kuwekewa kidogo kidogo mchana kutwa na sehemu kubwa ya usiku. Kutoka hapo kuna utumbo mwembamba wa zaidi ya mita 20, umejikunja kama kamba ya mvuvi mvivu, na nyasi zenyewe husagika vizuri huko nyuma kabisa, kwenye utumbo mpana. Ng'ombe akila asichokielewa hucheua, akakifikiria upya. Mtu hutapika. Farasi hawezi. Mlango wa juu wa tumbo lake umebanwa na msuli wenye nguvu unaoruhusu kuingia na haujui kurudisha. Kibaya kikishaingia, sharti kipite njia nzima hadi mwisho. Kikikwama njiani, huo ndio msokoto, na msokoto huua.

Saa saba usiku saisi aligonga dirisha. “Bosi, amelala chini, anajibiringisha, anatazama ubavu wake.” Nikatoka na kaptura na tochi. Tulimwinua, tukaanza kumtembeza, mimi na saisi kwa zamu, tukizunguka ile nusu ekari isiyo na nyasi kama mahujaji. Daktari alifika saa tisa kasoro. Akamdunga sindano ya maumivu, akamwingiza mpira puani hadi tumboni, akammiminia lita kadhaa za mafuta ya kulainisha, akanawa mikono, akasema: “Sasa tunasubiri kinyesi.”

Nimewahi kusubiri matokeo ya mtihani. Nimewahi kusubiri mtoto wa kwanza kwenye benchi la wodi ya wazazi. Sijawahi kusubiri kama nilivyosubiri usiku ule, watu wanne na tochi mbili, macho yote kwenye mkia. Saa kumi na moja na robo likadondoka. Saisi akalimulika. Daktari akachuchumaa akalikagua kama sonara anavyokagua pete iliyoletwa rehani. Akatikisa kichwa kukubali, na mama watoto, aliyekuwa amejifunga leso mabegani na kwa miezi mitatu hakuwa amesema neno zuri juu ya farasi yule, akapiga kigelegele kabla hajajizuia.

Bili ilikuwa shilingi 28,000. Zile 3,600 nilizookoa bado zipo kwenye daftari, kwa wino mwekundu.

Umeshamsikia saisi, basi tumwandike rasmi. Neno lina asili ya Kiarabu, na hata India mtunza farasi wanamwita hivyo hivyo. Nairobi ukitaka saisi mzuri unampata miongoni mwa waliokulia kwenye mazizi ya mbio, na ukimpata usimpoteze, kwa sababu ndani ya wiki moja utagundua kwamba farasi ni wake na wewe ni mfadhili. Wangu humtambua Hazina amekasirika kwa kuangalia sikio. Mimi hugundua nikiwa tayari chini. Mlipe vizuri. Mimi humlipa 18,000, chumba na chakula juu yangu, na kwa kuwa farasi amenigeuza mwajiri, natoa pia mchango wangu wa NSSF, asilimia 6, yaani 1,080, na asilimia 1.5 ya tozo ya nyumba za bei nafuu, 270. Zingatia hapo: kwa sababu ya farasi wangu, serikali inajenga nyumba. Farasi mwenyewe anayo ya kwake. Anatandikiwa maranda kutoka kwa fundi seremala, ambaye zamani alikuwa akiyatupa bure, siku hizi wafuga kuku wamemfungua macho. Weka 1,500.

Viatu sitavisemea sana, kwa kuwa vinanitia uchungu. Ukwato hukua karibu sentimita moja kwa mwezi, kama ukucha wa mtu asiye na kazi, na kila wiki sita fundi lazima aje avue chuma, akate ukwato, apige chuma tena. Shilingi 5,000 kwa miguu minne. Usidanganyike kwamba wiki sita ni mwezi na nusu tu. Ukigawanya mwaka vizuri unapata mara 8 na zaidi kidogo, karibu 3,600 kwa mwezi. Hazina amevaa viatu vipya mara nane tangu aje. Mimi vyangu vya ofisini ni vya 2019.

Daktari naye utamlipa, hata mnyama asipougua. Kuna dawa za minyoo. Kuna meno, ambayo kwa farasi huendelea kuchomoza karibu maisha yake yote na kufanya ncha kali zinazomkata shavu, kwa hivyo kila mwaka mtu huja na tupa ndefu akayasawazisha. Na kuna chanjo, ambayo sikushauri uiruke hata ukiwa umeruka kodi ya nyumba. Ugonjwa wa farasi wa Kiafrika huenezwa na usubi, vile vidudu vidogo vya jioni, hasa baada ya mvua. Farasi asiyechanjwa akiupata, uwezekano mkubwa ni kufa, tena kwa siku chache tu. Ndiyo maana saisi humwingiza bandani kabla jua halijazama, hata kama wewe ndiyo kwanza umefika kutoka ofisini na buti zako za kupandia.

Kinachoudhi ni kwamba mbuga ya Nairobi haiko mbali, na humo wamo pundamilia, binamu wa damu wa huyu wako, wanaobeba virusi vile vile mwilini wala hawapigi chafya. Hawana saisi. Hawana viatu. Hawajawahi kukerezwa jino. Nilipofika hapo kwenye hesabu nikajiuliza, kama utakavyojiuliza wewe, kwa nini tusipande hao. Walijaribu. Wajerumani walijaribu kuwafuga sehemu za Kilimanjaro enzi za utawala wao, mradi ukafa. Aliyefaulu kidogo ni daktari mmoja hapa hapa Nairobi, Rosendo Ribeiro, Mgoa aliyefika mji ukiwa bado mabati na matope, mwanzoni mwa karne ya 20, akawa anawatembelea wagonjwa wake amepanda pundamilia. Picha yake ipo. Ukiitazama vizuri utamwona mtu asiyedaiwa bili ya nyasi. Lakini pundamilia wana hasira, huuma na hawaachii, na leo ukimfunga mmoja nyuma ya nyumba, bili ya kwanza itatoka kwa wakili. Kwa hivyo weka 4,000 za daktari kwa mwezi, mwezi usio na msokoto.

Nilikuwa nimesahau upweke. Farasi ni mnyama wa kundi. Ukimweka peke yake atazunguka kandokando ya ua, atauma mbao za banda, atakonda huku anakula. Daktari alimtazama Hazina akaniambia kwa upole, kama anayetoa habari za msiba, kwamba anahitaji mwenzake. Methali inatuonya kwamba mpanda farasi wawili hupasuka msamba. Mimi nilikuwa na mmoja na tayari nilikuwa nimepasuka, ingawa si msamba. Nikauliza kama mwenzake lazima awe farasi. Akasema hata mbuzi hufaa.

Mbuzi tulikuwa naye. Alikuwa wa Krismasi. Tulimwingiza bandani kwa majaribio siku ya tarehe 20 Desemba, na tarehe 21 Hazina aliacha kuzunguka. Tarehe 25 tulikula kuku. Mbuzi yule leo ni mnene, hana wasiwasi na mtu, na usiku hulala chini ya shingo ya farasi kama askari wa zamu. Gharama yake sijaiandika. Kuna mambo ambayo hata daftari halina nguvu ya kuyabeba.

Sasa jumlisha. Maji 1,800, nyasi 7,200, chakula cha gunia 5,400, saisi na michango yake 19,350, maranda 1,500, viatu 3,600, daktari 4,000. Inakuja shilingi 42,850 kwa mwezi, na hapo hujanunua tandiko, lijamu, kofia ngumu wala suruali ya kubana ambayo mama mkwe atakukuta nayo siku moja.

Mimi hupanda Jumamosi na Jumapili. Mara nane kwa mwezi. Gawanya: kila nikipanda natumia shilingi 5,356. Treni ya SGR hadi Mombasa, daraja la kwanza, ni 4,500. Ina kiyoyozi, inafika baharini, na haijawahi kumtupa abiria chini Voi kwa sababu imeona mfuko wa plastiki.

Takwimu hizi usimpelekee mwenzio wa ndoa zikiwa hivyo zilivyo. Hapa ndipo mwongozo wangu unapozidi miongozo mingine. Usiseme kwa mwezi. Sema kwa saa. Ukigawanya 42,850 kwa siku 30, na tena kwa saa 24, unapata shilingi 60 kasoro. Mwambie kwa sauti ya kawaida, huku ukichovya mkate: “Unajua yule farasi anatugharimu shilingi 60 tu kwa saa? Hata nauli ya matatu kwenda mjini haitoshi.”

Mama watoto aliweka kikombe chini. “Saa ngapi kwa siku?”

“Zote.”

“Hata akiwa amelala?”

Kwa bahati mbaya nilikuwa nimesoma. Nikamwambia kwamba farasi hulala kama saa tatu tu kwa siku, na nyingi kati ya hizo akiwa amesimama.

“Kwa hivyo tunamlipa saa 24, na yeye halali wala hafanyi kazi,” akasema. “Mtafutieni kiti kaunti.”

Haki yake nimpe: kuna mapato. Farasi hutoa kilo 20 na zaidi za samadi kwa siku, na Kiserian kuna watu wa sukuma wiki. Nauza magunia kumi kwa mwezi kwa shilingi 100. Wangenunua zaidi, ila wamegundua kwamba farasi hasagi mbegu vizuri kama ng'ombe, na shamba lililopata samadi yake huota nyasi ambazo mwenyewe hakupanda. Shilingi 1,000 basi. Maana yake kila shilingi 43 zinazoingia kwa mdomo, moja inarudi kwa mkia. Nimeona biashara zenye faida ndogo kuliko hiyo zikitangazwa kwenye redio.

Jambo moja lililobaki nililijua juzi tu. Nilikuwa nimekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, namtazama saisi akimpiga Hazina brashi, jua la jioni limemwaga rangi ya chai ya maziwa kwenye mgongo ule, mbuzi anatafuna kamba ya kiatu changu, na kwa mara ya kwanza katika mwaka mzima nikaona nimefanya jambo la maana. Nikamuuliza saisi, kwa kuongea tu, farasi huyu atakuwa nasi hadi lini.

“Huyu sasa ana tisa, bosi,” akasema bila kugeuka. “Nilimtunza mama yake. Wa ukoo huu wanafika thelathini.”

Nikaingia ndani nikachukua daftari. Miaka 21, miezi 12, shilingi 42,850. Milioni 10 na laki saba, elfu tisini na nane, mia mbili, bei ya nyasi isipopanda tena hadi nistaafu, na nitastaafu kabla yake.

Kwa hivyo hatua ya mwisho ya mwongozo huu ni kutafuta rafiki anayekupenda kiasi, na nimekuwa nikikuwaza wewe tangu aya ya kwanza. Yupo farasi maksai wa miaka 9, mpole, amechanjwa, meno yamesawazishwa, viatu vimepigwa Jumanne iliyopita. Ni bure kabisa. Saisi amekubali kumfuata ukimpa chumba kisichovuja. Uje na lori lenye ubao wa kupandia, si pikapu, na uje asubuhi kabla mama watoto hajaamka, maana tangu usiku ule wa kigelegele amekuwa akimpelekea karoti kwa siri na akidhani sijui. Mbuzi ni sharti aende naye.